Jina la Bibi Halina Kosa

Mbugani, Kyela

Mdogo wangu Jubilate,

Ugonile? Huku mvua haijakatika, na mama anauliza habari za ujauzito wako kila akimenya ndizi. Mimi naendelea na dawa. Nywele zimekwisha, lakini kitambaa kinanipendeza kuliko nywele, usicheke.

Unakumbuka kwa nini baba alikunyima jina la bibi? Bibi Tusajigwe alikufa kwa saratani ya titi, shangazi Tusajigwe akamfuata, na mimi nilikuwa nimeshabatizwa Tusajigwe. Wakasema ugonjwa unafuata jina. Wewe wakakuepusha, wakakuita Jubilate.

Sasa sikia. Wamepima vinasaba vya uvimbe wangu. Daktari anasema vimejaa mikatiko isiyoungwa, kama wavu usio na wa kuushona. Kila mtu ana jeni za kuunga mikatiko hiyo. Mimi nimerithi moja mbovu, kwa upande wa baba. Kumbe hata wanaume huipitisha! Imo katika damu, Jubilate, si katika jina. Nawe huenda unayo, huenda huna. Kapime. Ukiwa nayo watakuchunguza mapema, si kama mimi niliyengoja mpaka titi likavimba.

Baba nimemwambia. Alitoka kwenda kugeuza kakao iliyovundikwa, aliyokuwa ameshaigeuza.

Mwanao akiwa wa kike, mwite Tusajigwe. Nataka nisikie mtu akiitwa hivyo bila watu kuinamisha macho.

Ndaga, asante mdogo wangu.

Dada yako,
Tusajigwe