Barua Inasema Tuje Wote Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Barua imekuja. Bahasha ya kaki, muhuri wa ofisi ya kodi. Nimeifungua kwa kisu cha kumenyea viazi, kisha nikaketi. Inahusu akaunti ya akiba, yangu na marehemu. Wanataka kuhakiki fomu zetu za msamaha wa kodi ya riba. Wenye akaunti wote wawili wafike wenyewe, na vitambulisho vyao, Ijumaa saa tatu asubuhi.

Wote wawili!

Mume wangu ana mwaka mmoja na miezi minne kaburini.

Nimeisoma mara tano. Chai imepoa, sikuigusa. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi

Wacha niandike yote hapa, maana hapa hakuna wa kunihukumu. Mimi nimeshona mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, na sijawahi kuja nyumbani hata na kipande cha uzi cha watu.

Benki hukata kodi kwenye riba kabla hujaiona. Lakini mstaafu mwenye kipato kidogo akijaza fomu kila Januari, hakatwi. Akaunti ni ya wawili, kwa hiyo saini ni mbili. Mambo haya aliyajua mume wangu. Mtaa mzima ulimwita Risiti, maana hata risiti ya kiberiti alikuwa anaitunza. Ugonjwa wa kutetemeka ulipomshika mikono, akaniambia nimsainie. Nikajifunza saini yake kama nilivyojifunza mshono, polepole, kwenye gazeti la zamani. Akaitazama, akacheka. Eti ni nzuri kuliko ya mwenyewe. Miaka minne nilimsainia akiwa hai, ameketi pembeni yangu.

Akafa. Januari ikaja, fomu ikaja, majina yetu mawili yamechapwa vilevile. Nikasaini kwangu. Nikautazama mstari wake, mtupu. Sikuweza kuuacha vile. Nikausaini.

Na Januari hii tena.

Si kwa ajili ya kodi. Naapa! Lakini nani ataniamini, na pesa ndiyo hiyo imebaki kwangu? Za mwizi ni arobaini, husemwa. Mimi hata tatu sijafikisha.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake Risiti. Nilikuwa nimeazimia kunyamaza, lakini aliponiuliza mbona nimekonda nikamwaga yote. Akafikiri, akanywa chai, akaomba miwani ya kaka yake.

"Shemeji, sisi tunafanana," akasema. "Nipe na lile koti lake la kijivu. Nitaenda na wewe, nitaongea kidogo tu, nitakohoa sana."

Nikamletea miwani. Mungu nisamehe, nilimletea. Akaivaa mbele ya kioo cha sebuleni, akageuka, na kwa kitambo kidogo alikuwa ni yeye mwenyewe Risiti amesimama pale. Nikamwambia aivue. Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilikuwa karibu kukubali.

Akaniambia basi nisiende, serikali ina wazee wengi, itanisahau. Nikamjibu kwamba waliokumbuka riba yangu ndogo watanikumbuka na mimi.

Kaondoka amenuna. Miwani nimeirudisha kwenye droo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia mwanangu. Anafundisha mbali, na wiki hii wanafunzi wake wana mitihani, hawezi kuja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini sikuwaambia benki kwamba baba amekufa. Nikasema nilikuwa nataka kwenda kesho yake. Kila siku kesho yake. Cheti cha kifo hata sijawahi kukitoa kwenye bahasha.

Akataja neno kughushi. Alilitaja kwa upole, kama anayemgusa mtu kwenye jipu.

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda na cheti, sema kweli, yaishe."

Nikamuuliza kama wanafunga wanawake wa miaka sitini na tisa. Akasema hapana. Lakini alichelewa kulisema.

Nimepanga mkoba. Cheti. Vitambulisho viwili. Dawa ya presha. Daftari hili. Nguo ya ndani ya kubadilisha. Ya nini nguo ya ndani? Sijui. Nimeiacha humo humo.

Ijumaa, 7 Machi

Alfajiri. Nimevaa viatu nilivyovaa kwenye mazishi, ndivyo pekee visivyonibana.

Saa nne na robo. Niko ofisini kwao, nimeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya afisa. Naandika ili mkono upate kazi.

Afisa ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba. Aliniuliza mzee yuko wapi. Nikaweka cheti mezani. Nikasema yote, tangu mikono ilipoanza kutetemeka. Sikulia. Akakisoma cheti, akasema pole. Akaigeuza kompyuta yake nione.

"Mama, ungejaza peke yako, kama mjane, msamaha ungeupata vilevile. Usingekatwa hata senti."

Sikujua nicheke au nilie! Mwizi gani huyu, anayeiba kilicho chake?

Lakini saini, akasema, ni jambo jingine. Yeye amenielewa. Ila yupo mkubwa wake, na mkubwa hasikilizi hadithi, anasoma karatasi. Akiona ni majonzi, jina litabadilishwa na faili litafungwa leo leo. Akiona ni ujanja, faili litakwenda kwa wanasheria, na huko yeye hana mkono. Akanipa fomu ya maelezo. Kurasa mbili, na mwisho kabisa majina yetu yamechapwa na mashine, langu juu, lake chini.

"Saini hapa juu. Pa mzee paache wazi."

Akaenda kutoa nakala ya cheti.

Niliandika vizuri. Mwandiko wangu wa shule, mistari imenyooka. Kwamba sikukusudia kumdanganya mtu. Kwamba sitarudia tena kamwe. Nikasaini, nikafunga kalamu, na hapo ndipo nikaona.

Saini zilikuwa mbili.

Sikumbuki kuiandika ya pili! Mkono ulishuka wenyewe. Wino wa chini ulikuwa bado unang'aa. Nilitaka kuufuta kwa mate, nikaogopa kuchafua. Nilitaka kuichana fomu, mlango ukafunguliwa. Afisa akachukua kurasa bila kuzitazama, akabandika nakala ya cheti juu kwa pini, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mkubwa yuko katika hali nzuri leo.

Nilinyoosha mkono nizichukue tena. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Wako ndani sasa. Ukuta ni wa kioo, nawaona. Mkubwa amesoma cheti, ametikisa kichwa kwa huruma. Amesoma ukurasa wa kwanza, taratibu, kidole kikifuata mistari. Amenitazama kupitia kioo, na amenipa tabasamu. Tabasamu la mtu mwema kabisa.

Amefungua wa pili.