Mikanda ya Nyuma ya Pijo

Mbwemkuru, Ruangwa
3 Mei 1998

Kwako Shemeji Twaha,

YAHUSU: OMBI LA KUFUNGWA MIKANDA KATIKA KITI CHA NYUMA CHA PIJO

Natumaini barua hii inakukuta na siha njema, wewe pamoja na mama mkwe wangu, Mama Mwanabibi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mkono wa kulia wa dada yako Mwanne, ambao ndio chanzo cha barua hii.

Utakumbuka kwamba mwaka jana, ulipokanyaga breki za gari lenu hilo ghafla kumkwepa mbuzi, Mwanne aliyekaa nyuma alirushwa juu ya kiti cha mbele akapiga bega kwenye dashibodi. Mfupa uliunga vibaya. Leo mke wangu hawezi kujitwika ndoo, wala kufikisha mkono kisogoni asuke nywele zake. Mbuzi alipona.

Sasa nimearifiwa kuwa binti yangu Zuleha atatoka unyagoni mwezi Agosti huko kwenu, na kwamba wewe, kwa haki ya mjomba, utamchukua hadi nyumbani kwa bibi yake kwa gari hilohilo, kiti hichohicho. Haki yako siipingi. Kwa mila zetu mtoto ni wa mjomba, na baba ni mtu wa kuuliza tu. Basi nauliza, na kwa kuuliza huko naomba rasmi: ifungwe mikanda ya nyuma, ishikwe kwa bolti, kabla ya siku hiyo. Pasipo mikanda, binti hapandi.

Nitashukuru kwa utekelezaji.

Shemeji yako katika heshima,
Mbaruku, Baba Zuleha

Nakala: Mama mkwe, asomewe.


Nambambo, Nachingwea
24 Mei 1998

Shemeji Mbaruku,

Salamu zimefika. Sisi wazima, na mama ni mzima kutushinda wote, maana aliposomewa nakala yake alicheka mpaka akapaliwa. "Huyu mkwe wangu ananiandikia kama bwana shamba anayekataza watu kuchoma moto!"

Shemeji, ulijifundisha kuandika kwa kunakili matangazo ya ukutani pale ofisi ya kata, na sasa kila kitu kwako ni ombi. Ukitaka kuongezewa mboga nako unamwandikia Mwanne "yahusu"?

Nikujibu. Pijo hii marehemu baba aliinunua kwa korosho zake mwenyewe, wakati wewe hujaijua hata njia ya kuja kuposa. Ilitoka kiwandani bila mikanda nyuma. Wasichana wote wa nyumba hii wametolewa unyagoni ndani yake, Mwanne akiwemo, wamebanana na makungwi wao wakiimba, na hakuna aliyefungwa kama mbuzi wa mnadani. Sitatoboa bati la baba yangu kwa ajili ya woga wako. Mwanne alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Mkono wake unaniuma bila kuandikiwa.

Mjomba wa Zuleha,
Twaha


Mbwemkuru, Ruangwa
7 Juni 1998

Shemeji,

YAHUSU: KUSISITIZA OMBI

Matusi yako nimeyapokea yakiwa salama. Hali yako sitaiulizia mpaka nitakapopata jibu linalofanana na jibu.

Unasema mkono wa Mwanne unakuuma. Juzi jirani yetu alikuja kumsuka, akamuuliza, "Mama Zuleha, mbona siku hizi kilemba hata ndani?" Mke wangu akasema, "Nimeumizwa na gari la baba." Hakusema la Twaha. Anakusitiri wewe, na kwa kukusitiri anambebesha lawama marehemu. Hayo ndiyo maumivu yako?

Nakuarifu kwamba endapo mikanda haitafungwa, nitasimama mbele ya gari siku hiyo, mbele ya makungwi na wapiga ngoma, na sababu nitaieleza kwa sauti ya juu.

Baba Zuleha


Nambambo, Nachingwea
19 Julai 1998

Baba Zuleha,

Hatujambo, kama unajali.

Mikanda imefungwa. Nimeing'oa kwenye gari bovu lililolala gereji mjini. Ni myeusi, nimeipaka mafuta ya nazi, inang'aa kuliko viatu vyako vya kuposea. Augustino, seremala aliyetuchongea upya kiti cha nyuma kwa mninga, ameishikiza palepale kwenye mbao. Bati la baba halikuguswa. Makungwi wameiona na wameisifu.

Umeshinda. Sasa pumzisha kalamu.

Twaha


Mbwemkuru, Ruangwa
23 Agosti 1998

Kwa Bwana Twaha,

YAHUSU: KILICHOTOKEA SIKU YA KUTOLEWA MWALI

Kwa kuwa najua utasimulia kwa namna yako, naandika ilivyokuwa.

Makungwi walimtoa Zuleha akiwa amefunikwa kanga mpya, yuko mgongoni mwa mmoja wao, maana mguu wa mwali haugusi udongo siku hiyo. Mlango wa Pijo ukafunguliwa. Nikasema, "Shemeji, ngoja kwanza." Wewe ukasema, "Si mikanda hiyo? Itazame ushibe!" Nikaushika mmoja, nikaegemeza mguu kizingitini, nikavuta kama mtu ang'oaye muhogo. Ukanifuata mzima mzima, na skrubu zake, na kipande cha mninga.

Ngoma ikanyamaza. Kungwi akauliza, "Twaha, umeufunga au umeuning'iniza?" Wanawake wakaangua kicheko. Wewe, badala ya kuona aibu, ukaniambia nitoke mbele ya gari nisije nikakanyagwa.

Mimi niliomba bolti. Neno hilo liko wazi katika ombi la kwanza. Wewe ulilipamba gari, mtoto hukumlinda. Zuleha alifika kwa bibi yake mgongoni, makungwi wakipokezana njia nzima, na Mwanne akitembea pembeni kwa kuwa hata mwanawe hawezi kumbeba. Lile lilikuwa gari la baba yake, akalifuata kwa miguu likiwa tupu.

Kuanzia leo sina shemeji Nambambo.

Mbaruku


Hospitalini, Nachingwea
14 Machi 1999

Shemeji Mbaruku,

Tangu Agosti hujaniulizia hali. Nakwambia hivyo hivyo: mbaya. Mbavu zimevunjika na meno ya mbele sinayo. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Baada ya wewe kuniumbua, kila nilipoegesha gari sokoni vijana walivuta mikono hewani kama wang'oao muhogo. Wananiita "Mzee Skrubu". Basi kwa kukukasirikia nililitoboa bati la baba. Nikatia bolti, na chini ya sakafu nikaweka bamba la chuma. Nilitaka siku moja uje uvute mpaka upate ngiri.

Hukuja. Zikaja mvua. Jumanne tulikuwa tunarudi kutoka Marambo, mama kakaa nyuma. Nilimwambia ajifunge akakataa, kisha akasema, "Haya, mkwe wangu aliniletea nakala, nifunge." Kwenye utelezi gari likanishinda, likaenda kujibamiza kwenye mkorosho, pua ikabonyea; fundi kalivuta hadi nyumbani, analinyoosha.

Mama yuko nyumbani, anakula. Ana mchubuko kutoka begani hadi nyongani, na kila mgeni anafunuliwa kanga auone. "Hii," anasema, "ndiyo barua ya mkwe wangu."

Mimi niliula usukani. Mama kaja kunitazama, kaniuliza mbona mwenyewe sikuwa na mkanda. Nikamjibu, "Mbaruku aliomba ya nyuma. Nikafunga ya nyuma. Sikutaka aseme nimemwongezea hata mmoja."

Bado nina hasira na wewe.

Mjomba wa Zuleha


Mbwemkuru, Ruangwa
21 Machi 1999

Kwako Shemeji Twaha,

YAHUSU: MIKANDA YA MBELE

Pole. Nakuombea upone upesi, ili nipate mtu mzima wa kugombana naye. Mwanne analia na kukutukana kwa zamu, na kazi hiyo nimemwachia.

Mtu mwenye akili timamu anangoja kuandikiwa ndipo akilinde kifua chake? Haya, naandika. Naomba rasmi ifungwe mikanda katika kiti cha dereva na cha abiria wake, kwa bolti, na bamba la chuma chini ya sakafu. Mikanda naileta mwenyewe Jumamosi, mimi na Mwanne. Fundi atatoboa tukiwa tumesimama pale. Kisha nitaivuta yote, ya mbele na ya nyuma, mguu kizingitini, na wewe, kama hospitali watakuwa wamekuruhusu, usije kucheka, mbavu hizo hazijaunga.

Gari lisiwashwe kabla sijavuta.

Shemeji yako,
Mbaruku

Nakala: Mama mkwe, asomewe taratibu, asije akapaliwa.