Dawa Imemtuliza Binti Yangu, Nami Natamani Kelele Zake

Mpendwa Senje Dinah, shangazi na mshauri wetu, nisaidie kwa maana nimejiingiza mahali sijui nitatokaje. Mimi ni mfanyakazi wa kaunti hapa Bungoma, nimepanga nyumba upande wa Kibabii, na mke wangu Wacera yuko Kitale na duka lake la mbegu pamoja na binti yetu Nabwile wa gredi ya nne, ambaye tangu aanze kutembea hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka uji uishe, na kila jioni nikipiga simu alikuwa anampokonya mamake aniambie habari za mbwa wa jirani na mwalimu aliyekalia chaki, kabla hajamaliza moja ameshaingia nyingine, na mimi nacheka peke yangu jikoni mpaka ugali unaungua.

Lakini shuleni hamalizi kazi, anatolewa nje ya darasa, wenzake wakamkimbia, tukaenda hospitali na baada ya kupimwa sana daktari akasema ni ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kumakinika, akamwandikia tembe za asubuhi, Wacera akakubali na mimi nikakubali. Alama zimepanda, sikatai. Ila sasa nikipiga simu ananiambia, "Niko poa, baba," halafu anampa mamake. Senje, nina hamu na mtoto wangu na hajaenda popote.

Sasa likizo ya Aprili alipokuja kwangu nilimwambia tembe zipumzike, mama asijue, na Nabwile wangu akarudi, akaimba bafuni, akapanda mpera, akaniuliza Mlima Elgon hulala saa ngapi, nikafurahi mpaka nikaogopa. Shule ilipofunguliwa mamake akaendelea kumpa. Juzi akanipigia mwenyewe: "Baba, unapendanga nani, mimi wa dawa ama mimi wa bila dawa?" Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Je, nimwambie Wacera tuache hizi dawa kabisa?

Wakoli, Bungoma

Wakoli, pole. Kutamani sauti ya mtoto si kosa, na huo ugali ulioungua umenigusa. Lakini ulichofanya Aprili ni kibaya. Umemfundisha mtoto kumficha mamake, tena umemwonyesha ni Nabwile yupi unayemfurahia. Halafu ati mtandao ni mbaya! Mtoto amejikaza akakuuliza swali ambalo watu wazima huliogopa, wewe ukakimbia.

Kuhusu dawa, mimi si daktari, na wewe pia si daktari. Wako watoto ambao zimewafaa sana, wako waliosaidika bila hizo, na wako ambao kipimo cha dawa kimewazidi. Mtoto msemaji akinyamaza hivyo, daktari anafaa kujua. Mwambie Wacera leo yote uliyofanya. Atakasirika, na ana haki, kwa hivyo kaa usikie. Kisha nendeni nyote pamoja, mmweleze daktari huo ukimya, kama mtoto anakula na kulala vizuri, na hiyo likizo usiifiche. Ulizeni kama kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa, na shule ifanye nini zaidi. Kabla ya hapo usiache wala kuanzisha kitu kwa kichwa chako.

Nabwile pia aulizwe. Barua nzima umeniambia unavyojisikia wewe, na hakuna hata neno moja la vile yeye hujisikia akimeza hizo tembe. Pengine zinamchosha. Pengine amepata rafiki darasani na anaogopa utamharibia.

Na mimi nikuulize, bana: hiyo simu ya jioni ndiyo ubaba wako wote? Ulizoea mtoto akubebee mazungumzo, wewe kazi yako ni kucheka. Sasa amenyamaza na hujui pa kuanzia.

Jumamosi hii nenda Kitale. Usimbebee zawadi. Keti naye, mwambie unampenda yeye, ameze dawa au asimeze, halafu usiongeze kitu. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Huyo pia ni mtoto wako.