Jua la Kijani Ndani ya Boksi la Viatu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, shemeji hajambo na mafua ya mtoto yamekwisha. Sisi huku wazima, na mimi furaha ya ndoa bado inanichekesha peke yangu jikoni. Lakini dada, keti kwanza. Mwenzio nina kisa.

Unajua mume wangu hufundisha kupanga taa za jukwaani, na wanafunzi wake wako mbali, wanamwona kwenye simu tu. Taa za kweli ni ghali, kwa hiyo kila mmoja ana jukwaa lake la boksi la viatu, tochi ndogo, na makaratasi ya peremende ya kufunika tochi ili itoe rangi. Mwigizaji ni mwanasesere. Msaidizi ni mimi! Akitaka nyekundu, nampa nyekundu. Kila mara huniuliza kama ndiyo yenyewe, nami nikadhani ni mahaba.

Jana nilikimbilia chai iliyokuwa inafurika, akachukua karatasi mwenyewe. Akawaambia watazame jua linavyochomoza, jekundu, la kuliza watu. Dada, mwanasesere alikuwa kijani kama kinyonga! Mwanafunzi mmoja akauliza kama jua hilo limeshapelekwa hospitali. Wote wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, huku akinitazama, na macho yake yakaniambia hajui kinachochekwa. Nilipigwa na butwaa, sufuria mkononi.

Simu ilipokatwa akanieleza. Tangu azaliwe, nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Ukumbini, kwenye taa za kweli, kila karatasi ya rangi ina namba, naye amezikariri zote. Peremende hazina namba. Aliogopa chuo kikijua, kazi imekwisha.

Leo asubuhi amewaambia wanafunzi mwenyewe, kisha mkuu wa chuo. Yule mwanafunzi mtani akasema kumbe ndiyo maana mwalimu kwa vivuli hana mpinzani, akaomba somo lijalo liwe la tochi tupu, bila rangi. Mkuu hajajibu. Roho iko juu.

Sasa dada, lile gauni ulilonishonea kwa siku mume wangu alipokuja nyumbani kujitambulisha. Alisifu wekundu wake mbele ya wote, tukacheka tukidhani anatania. Leo nimemwambia lilikuwa la kijani. Akaniuliza nani siku ile alikuwa na nafasi ya kutazama gauni, nami nimo ndani yake.

Nimelia, dada. Nimeyeyuka.

Mbusu mtoto, msalimie shemeji, na mama usimwambie mpaka mkuu ajibu.

Mdogo wako akupendaye,
Msaidizi wa Jua