Kazi Isiyo na Sindano

Bariadi, Jumapili mchana

Dada yangu Namkunda,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, sijui ninyi huko Usangi. Mama na kifua chake je? Bado anakataa kuvaa sweta asubuhi? Mwambie kwa jua la huku natamani nusu ya baridi yake.

Uliniuliza mbona kimya. Sikuwa na la kusema, dada. Hospitali nzima mwenye kazi hii ya tiba kwa vitendo, ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, ni mimi peke yangu, na mwaka wa pili huu bado naitwa "dada wa masaji". Wauguzi wakizidiwa, naitwa nikaandike kadi. Wagonjwa nao, tangu hospitali zianze kuchangisha, mtu akishalipa dirishani anataka sindano. Mimi nina meza, kamba na vipande vya mbao vya rangi. Mkulima mmoja wa pamba aliniuliza, "Sasa dawa iko wapi hapa?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi mganga mkuu akaniambia chumba changu kinatakiwa kiwe stoo ya dawa. Nimwonyeshe hata mgonjwa mmoja niliyemsaidia, la sivyo nihamie mapokezi.

Niliyekuwa naye ni Mayu Minza, mama mtu mzima aliyelazwa kwa kupooza mkono wa kulia. Nikamwekea vile vipande avipange, kama tulivyofundishwa chuoni. Akavisukumia chini kwa mkono wake mzima.

"Mwanangu, mimi nimezaa saba. Unanipa vya watoto?"

Siku nne akakataa kurudi. Nilikosea, dada. Sikuwa nimemwuliza hata mara moja nyumbani kwake mikono ile hufanya nini.

Nikamfuata wodini, nikamsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Akaitikia kwa shida. Nilipomwuliza, uso ukabadilika: maziwa ya ng'ombe wake huyasuka mwenyewe, na sasa mkwewe anayaharibu. Nikamwomba binti yake alete kibuyu. Wiki tatu tumesuka maziwa chumbani kwangu, nikinuka mtindi mpaka kwenye nywele. Alhamisi ule mkono wa kulia ukashika kibuyu na kukitikisa, siagi ikatoka. Mayu Minza akapiga vigelegele, wodi nzima ikaitikia. Mganga mkuu akaja, akaonja, akasema, "Haya, baki na chumba chako."

Nimeshinda, dada. Lakini sikusikia furaha yoyote, na hilo ndilo lililoniogopesha. Niliwatazama kama ninayetazama harusi ya watu nisiowajua. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na viatu vyangu mpaka jua likazama. Sina wa kumwambia. Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu.

Usije ukadhani naacha kazi. Naipenda, ndiyo maana nimeipigania. Ila nimechoka mpaka ndani, na upweke umenizoea kuliko nilivyouzoea. Nimeomba likizo, wamekubali. Nitapanda basi mwisho wa mwezi.

Nisalimie mama, shemeji Elinazi na cherehani yake, mjomba Mbwambo wa kengele ya kanisa, na shangazi Nakijwa anayeniuliza kila barua nitaolewa lini. Mwambie aulize tena nikifika, nimemiss hata hilo.

Kutwa nawaambia watu, "Jaribu mwenyewe, unaweza." Wewe usiniambie hivyo, dada. Nipikie makande, nipakulie, halafu ukae karibu yangu mpaka nimalize kula.

Mdogo wako,
Eliwaza