Mbuzi wa Mama

Baba,

Vijana wa Makongeni wamekuchora ukutani, kando ya kinyozi. Kofia yako wameipatia, ila pua wameizidisha. Sasa wanataka mistari miwili ya mashairi yako ya kuandika chini ya picha. "Sista, budako alikuwa mnoma, tuchagulie ile kali," wananiambia. Sijawajibu. Nimekukasirikia.

Unakumbuka ulivyonifunza lile shairi la mbuzi, umenisimamisha juu ya stuli?

Mbuzi wetu ana ndevu, utadhani ndiye chifu,
Hula mboga za jirani, wala hana hata hofu.

Ukumbi mzima kule Umoja ulivunjika mbavu. Ulisema hayo uliyaona mwenyewe ukichunga, nikakuamini. Shuleni niliringa kwamba babangu alikuwa mchungaji wa mbuzi, mimi niliyezaliwa kando ya reli!

Tulipokuzika Ukambani, niliombwa nighani shairi lako kaburini. Nikachagua hilo. Kabla sijafika mstari wa pili, mama mdogo akaumalizia kwa Kikamba, na wanawake wa kwao Mama wakacheka huku wakifuta machozi. "Hiyo ni ya mamako," akaniambia. "Alikuwa akituimbia tukichunga. Babako hata mbuzi alikuwa akiogopa." Nikamuuliza kuhusu ile ya jogoo, na ile ya mvua iliyopita bila kusalimia. Zote, Baba. Zote! Wewe ulitia Kiswahili na vina, kisha ukatia jina lako.

Nikamgeukia Mama. Akafunga leso yake upya, akasema, "Alinisomea kila moja kabla ya watu. Nilikuwa nacheka sana."

Miaka yote hiyo watu wakikupigia makofi, yeye alikuwa nyuma ya ukumbi akimimina chai, na hukuwahi kumwita mbele hata mara moja. Vina vyako ni vitamu, siwezi kukunyima hilo. Lakini ulinidanganya, Baba, nami nilikupenda kuliko... Hata sasa nakupenda, ndiyo maana inaniuma hivi.

Pumzika. Uso wako hautafutwa, nakuahidi. Jumamosi nawapelekea vijana mistari ya mbuzi, na jina litakaloandikwa chini yake ni la Mama. Rangi ikikauka nitamsimamisha pale aighani mwenyewe, kwa Kikamba, watu wote wa Makongeni wakisikia. Nawe utakuwa ukutani nyuma yake, umenyamaza.

Mwanao,
Mwende