Saa Aliyoirekebisha Shangazi

Jumanne jioni.

Siku ya tatu sasa, na programu ninayotengenezea app ya wakulima wa Lusewa inakataa kufunguka. Inazunguka, inajizima. Nimeifuta na kuiweka upya, bando lote limeisha. Alhamisi natakiwa kuwaonyesha!

Leo nikaacha kununa, nikausoma ule ujumbe mwekundu polepole: muda wa idhini yako umekwisha. Umekwishaje, na nimeingia sasa hivi? Nikaangalia saa ya kompyuta. 10:20 PM, yaani saa nne na dakika ishirini usiku. Nje jua linawaka.

Shangazi huchapa nyimbo za kwaya kwenye kompyuta hii. Nikamuuliza kama ameigusa saa.

“Niliirekebisha Jumamosi, mwanangu. Ilikuwa inasema saa nne, na sisi kwaya tunaanza saa kumi.”

Nilicheka mpaka machozi. Nikairudisha, programu ikafunguka palepale.

Halafu nikakumbuka tangazo nililoliweka ndani ya app, kicheko kikakatika. Mkutano wa mbolea, 2:00.

Wakulima wangefika saa mbili asubuhi. Mimi ningefika saa nane mchana, na kushangaa mbona wameondoka.